Taa Nyekundu ya Oili: Shinikizo la Oili Katika Injini ya Gari

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza kwa nini injini inahitaji oili yenye shinikizo, si oili tu;
(b) kutofautisha kiwango cha oili na shinikizo la oili;
(c) kukokotoa shinikizo linalowasha taa ya oili;
(d) kutaja sababu za shinikizo kushuka;
(e) kupanga kwa mfuatano hatua za kuchukua taa inapowaka barabarani.

Kabla ya kuendelea, rudia mada za shinikizo (vitabu vingine huliita kanieneo), msuguano na mnato. Mada hii inaziunganisha zote tatu.

1. Kisa cha kuanzia

Likizo moja ya Desemba nilipanda gari dogo la abiria kutoka Chumo kuja Tingi, wilayani Kilwa. Anayeifahamu njia ya Kipatimu anajua kwamba ni ya milima ya Matumbi: kuna kupanda, kushuka na mawe. Gari lilikuwa la chini na limejaa. Katika mteremko mmoja tukasikia kishindo chini ya miguu yetu. Dereva akapunguza mwendo, akasikiliza kidogo, akaendelea.

Dakika chache baadaye taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili ikawaka kwenye dashibodi. Mama mmoja aliyekaa mbele akamwambia, "Mwanangu, hiyo taa vipi?" Dereva akajibu, "Mama, hiyo ni waya tu. Hata wiki iliyopita iliwaka. Tusogee mpaka Tingi, mafundi wapo."

Tukasogea. Kilometa kama nne hivi. Injini ikaanza kugonga, ko-ko-ko, halafu ikajam na gari likasimama. Fundi alipofungua injini alikuta bakuli la oili limepasuka na beringi zimeyeyuka na kung'ang'ania krenki. Injini ile haikufaa tena. Tajiri wa gari alikuwa anasubiri hesabu yake ya siku. Badala yake akapata habari hiyo. Dereva akakosa kazi.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia. Nilikaa kiti cha nyuma, nikaiona taa, nikajua maana yake, nikanyamaza kwa sababu sikutaka kuonekana najua kuliko mwenye gari. Ndiyo maana nimeiweka mada hii kwenye kitabu. Inasaidia kujibu mtihani, lakini pia siku moja utakuwa umekaa kwenye kiti kile.

2. Kwa nini injini inahitaji oili

Ndani ya injini kuna vyuma vingi vinavyosuguana. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Krenki, yaani mhimili mkuu unaobadili mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, huzunguka ndani ya beringi. Gari likiwa kwenye mwendo wa kawaida krenki huzunguka mara 2,000 hadi 3,000 kwa dakika.

Oili hufanya kazi zifuatazo:

(i) Hupunguza msuguano kwa kuweka utando kati ya chuma na chuma.
(ii) Hupoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, kama beringi za krenki.
(iii) Husafisha, kwa kubeba masizi na chembe za chuma hadi kwenye filta.
(iv) Husaidia kuziba nafasi ndogo kati ya ringi za pistoni na silinda.
(v) Huzuia kutu.

Kazi ya kwanza ndiyo kiini cha mada hii. Nafasi iliyopo kati ya krenki na beringi yake ni ndogo mno. Katika magari mengi madogo ni sehemu chache za mia za milimita, karibu na unene wa unywele. Nafasi hiyo hujazwa na oili. Krenki inapozunguka, huivuta oili na kuisukumia sehemu nyembamba zaidi, na hapo oili hujenga nguvu ya kuibeba krenki. Kwa hiyo katika injini nzima krenki haigusi beringi. Inaelea juu ya oili, kama ngalawa inavyoelea juu ya maji.

Jambo hili liligunduliwa kwa majaribio huko Uingereza. Mwaka 1883 mhandisi Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za aina iliyotumika kwenye reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili kuongeza oili, lakini mhimili ulipozunguka oili ikapanda na kutoka kupitia tundu hilo. Akaliziba kwa kizibo cha mti; oili ikakisukuma kizibo nje. Hapo ikaonekana kwamba utando wa oili una shinikizo kubwa. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akatoa maelezo ya kihesabu ya jambo hilo.

Zingatia: Pampu ya oili siyo inayoibeba krenki. Krenki hubebwa na utando unaojengwa na mzunguko wake yenyewe. Kazi ya pampu ni kuhakikisha oili haikauki, kwa sababu kila wakati oili huchuruzika pembeni mwa beringi na kurudi chini. Pampu ikishindwa kuleta nyingine, utando unakatika na chuma kinakutana na chuma.

3. Safari ya oili ndani ya injini

Fuata mfuatano huu na uweze kuuchora:

Bakuli la oili (sampu) → chujio la wavu → pampu → filta → mfereji mkuu → beringi za krenki na sehemu za juu za injini → kurudi kwenye bakuli.

Pampu huendeshwa na injini yenyewe. Injini ikizunguka taratibu, pampu nayo huzunguka taratibu. Ndiyo sababu shinikizo huwa dogo gari linaposimama likinguruma na huongezeka ukikanyaga mafuta. Ili lisizidi kiasi, kuna vali ya usalama inayofunguka na kurudisha oili ya ziada.

Shinikizo la mfumo huu hutegemea mambo matatu:

(i) *Kiasi cha oili ambacho pampu inasukuma.* Pampu ikivuta hewa badala ya oili, shinikizo linashuka.
(ii) *Mnato wa oili.* Oili nyepesi hupita kwa urahisi mno, hivyo shinikizo linashuka. Joto hupunguza mnato.
(iii) *Ukubwa wa nafasi inamopita oili.* Beringi zikilika, nafasi huongezeka, oili huchuruzika upesi, shinikizo linashuka.

Mfano wa kawaida ni mpira wa kumwagilia bustani. Ukiubana mdomo kwa kidole, maji yanaruka mbali. Ukiuachia, yanamwagika miguuni, ingawa bomba ni lilelile. Beringi iliyolika ni sawa na mdomo wa mpira ulioachiwa.

4. Taa inajuaje?

Kwenye ubavu wa injini kuna swichi ya oili. Ndani yake kuna kiwambo chembamba. Upande mmoja wa kiwambo husukumwa na oili. Upande wa pili husukumwa na springi.

Shinikizo likiwa la kutosha, oili huishinda springi, swichi hukata umeme na taa huzima. Shinikizo likishuka, springi hushinda, swichi huunganisha umeme na taa huwaka. Katika magari mengi hilo hutokea shinikizo linapofika takriban kPa 20 hadi 50. Gari likiwa mwendoni, shinikizo la kawaida huwa kama kPa 200 hadi 500. Linganisha tarakimu hizo uone jambo muhimu: taa haiwaki shinikizo linapoanza kupungua. Inawaka likiwa karibu limekwisha.

Ukiwasha ufunguo kabla ya kupiga stata, taa hii lazima iwake, kwa sababu pampu bado haizunguki. Injini ikishawaka, taa huzima baada ya sekunde chache. Ikiwa haiwaki kabisa unapowasha ufunguo, usifurahi. Huenda taa yenyewe au waya wake umekufa, na gari halina tena wa kukuonya.

Mfano wa 1

Kiwambo cha swichi ya oili kina eneo la sm² 2. Springi inakisukuma kwa kani ya N 6.
(a) Taa itawaka shinikizo likishuka chini ya kiasi gani?
(b) Injini ikiwa na shinikizo la kPa 250, oili inakisukuma kiwambo kwa kani gani?

*Ufumbuzi*

Eneo: sm² 2 = m² 0.0002

(a) Shinikizo = kani ÷ eneo
= 6 ÷ 0.0002
= Pa 30,000 = kPa 30
Taa itawaka shinikizo likishuka chini ya kPa 30.

(b) Kani = shinikizo × eneo
= 250,000 × 0.0002
= N 50
Oili inasukuma kwa N 50 wakati springi inasukuma kwa N 6, hivyo taa imezimika.

5. Sababu za shinikizo kushuka

Watahiniwa wengi huandika "oili imeisha" na kuishia hapo. Hiyo ni sababu moja tu. Zipange katika makundi manne.

*Kundi la kwanza: oili ni pungufu.* Inavuja kwenye gasketi, sili, filta iliyofungwa vibaya au nati ya kutolea oili; bakuli limepasuka kwa kugonga jiwe; au injini imechoka na inachoma oili, dalili yake ikiwa moshi wa bluu. Oili ikiwa pungufu, taa huanza kwa kuwaka na kuzima kwenye kona na milima, kwa sababu oili hukimbilia upande mmoja na pampu hunyonya hewa. Dereva wa njia ya Kipatimu anaweza kuiona dalili hii kabla ya yule wa lami ya Nangurukuru.

*Kundi la pili: oili ipo lakini haifai.* Ni nyepesi kuliko inavyotakiwa, imepata joto kupita kiasi, au imechanganyika na petroli. Hapa ndipo namba za kwenye galoni zinapohitajika. Katika 10W-40, namba ya kwanza pamoja na W huonyesha oili inavyotiririka kwenye baridi, na namba ya pili huonyesha mnato wake injini ikiwa ya moto. Aina inayofaa imeandikwa kwenye kitabu cha gari.

*Kundi la tatu: oili haipiti au haisukumwi.* Chujio la wavu limeziba kwa tope la oili ya zamani, bakuli limebonyea na kulibana chujio, pampu imelika, vali ya usalama imekwama ikiwa wazi, au beringi zimelika.

*Kundi la nne: shinikizo ni zuri, taa inadanganya.* Swichi imeharibika au waya wake umechubuka na kugusa mwili wa gari. Hili hutokea, na ndilo lililomponza dereva wetu. Kwa kuwa taa iliwahi kuwaka na gari likaendelea kutembea, aliamua kwamba itakuwa waya siku zote.

Kanuni ni hii: *taa ihesabiwe kuwa inasema kweli mpaka kipimo kithibitishe kwamba inadanganya.* Ukikosea kwa kusimama bure, umepoteza nusu saa. Ukikosea kwa kuendelea, umepoteza injini.

6. Hatua za kuchukua taa inapowaka

Hatua ya 1: Toka barabarani na uzime injini. Ondoa mguu kwenye mafuta, washa taa za tahadhari, ingia pembeni penye usalama, zima. Usiache injini ikinguruma ili "kuisikiliza". Usizime gari likiwa bado lina kasi, kwa maana usukani na breki huwa vizito.

Hatua ya 2: Linda watu. Weka pembetatu za tahadhari mbele na nyuma ya gari. Abiria washuke upande usio na magari na wakae mbali na lami.

Hatua ya 3: Subiri. Dakika 5 hadi 10 zinatosha oili kushuka kwenye bakuli. Usishike chini ya injini. Oili ya moto inaunguza.

Hatua ya 4: Pima kiwango. Gari liwe mahali tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute kwa kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena, usome. Oili iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Kusoma bila kufuta kwanza ni kosa, kwa sababu oili hurukia kijiti gari linapotembea.

Hatua ya 5: Chungulia chini. Je, kuna matone mapya? Bakuli limepigwa? Nati ya kutolea oili ipo?

Hatua ya 6: Amua.

- *Kiwango kimeshuka na hakuna mvujo mkubwa:* ongeza oili ya aina inayofaa kidogo kidogo, ukipima kila mara. Usizidishe alama ya juu. Krenki itaichapa oili mpaka itoe povu, na povu lina hewa. Usitie mafuta ya kula wala dizeli. Kisha washa injini. Taa ikizima ndani ya sekunde chache na hakuna mlio wa kugonga, nenda taratibu hadi gereji, ukisimama kupima njiani. Ikibaki inawaka, zima mara moja.
- *Kiwango kimeshuka na oili inachuruzika:* usiwashe. Oili unayoongeza itamwagika pia. Gari likokotwe au libebwe.
- *Kiwango ni sawa lakini taa inawaka:* usiwashe. Hapa kosa linaweza kuwa pampu, chujio au swichi, na kwa macho huwezi kujua. Mwite fundi.

Hatua ya 7: Fundi athibitishe kwa kipimo. Fundi hufungua swichi ya oili na kufunga geji ya shinikizo mahali pake. Geji ikisoma vizuri, swichi au waya ndio mbovu. Geji ikisoma chini, kosa liko ndani ya injini. Fundi anayebadilisha swichi bila kupima anabahatisha kwa fedha yako.

Ukikokota gari la gia za otomatiki, soma kwanza kitabu chake. Magari mengi ya aina hiyo hayatakiwi kuburutwa matairi yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, maana giaboksi nayo hukosa oili.

Mfano wa 2

Katika kisa chetu, gari lilikwenda km 4 taa ikiwa inawaka, kwa mwendo wa wastani wa km 24 kwa saa. Krenki ilizunguka mara 2,000 kwa dakika. Krenki ilizunguka mara ngapi katika safari hiyo?

*Ufumbuzi*

Muda = umbali ÷ mwendo = 4 ÷ 24 = saa 1/6 = dakika 10

Mizunguko = 2,000 × 10 = 20,000

Neno "tusogee kidogo" lilikuwa na maana ya mizunguko 20,000, huku utando wa oili ukizidi kukatika. Kwenye kiti cha abiria ni dakika 10. Kwa beringi ni maisha yote.

7. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

1. *Kuchanganya kiwango na shinikizo.* Kijiti hupima kiwango. Taa nyekundu hupima shinikizo. Gari linaweza kuwa na oili tele na shinikizo sifuri.
2. *Kusahau kubadili sm² kuwa m².* sm² 1 ni m² 0.0001, si m² 0.01.
3. *Kuandika kwamba oili huondoa msuguano.* Huupunguza. Hata oili yenyewe ina msuguano wa ndani, ambao ndio mnato.
4. *Kuanza na kuongeza oili.* Hatua ya kwanza daima ni kusimama na kuzima.

8. Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya kiwango cha oili na shinikizo la oili.
2. Kiwambo cha swichi kina eneo la sm² 2.5 na springi yenye kani ya N 10. Kokotoa shinikizo ambalo chini yake taa itawaka.
3. Taa ya oili inawaka gari linaposimama kwenye foleni injini ikiwa ya moto, na inazima dereva akikanyaga mafuta. Toa sababu mbili.
4. Kwa nini dereva anapaswa kuwa na wasiwasi ikiwa taa ya oili haiwaki anapowasha ufunguo?
5. Dereva ameongeza oili mpaka imepita sana alama ya juu, "ili nisipate shida tena". Mkosoe.
6. Uko garini, taa nyekundu imewaka, dereva anasema zimebaki km 3 tu na anakwenda km 60 kwa saa. Krenki inazunguka mara 2,500 kwa dakika. Kokotoa mizunguko itakayofanyika, kisha andika sentensi mbili za heshima za kumshauri.

Majibu

1. Kiwango ni kiasi cha oili kilichomo kwenye bakuli, hupimwa kwa kijiti injini ikiwa imezimwa. Shinikizo ni kani ya oili kwa kila kipimo cha eneo wakati pampu inaisukuma, na swichi ya taa huonyesha likishuka mno.
2. 10 ÷ 0.00025 = Pa 40,000 = kPa 40.
3. Zozote mbili: pampu huzunguka taratibu gari likisimama, joto limepunguza mnato wa oili, beringi zimelika na oili inachuruzika upesi, oili imepungua, pampu imelika.
4. Taa au waya wake umekufa. Shinikizo likishuka hatapata onyo lolote.
5. Krenki itaipiga oili na kuitia hewa. Povu halijengi utando imara na pampu haliisukumi vizuri, hivyo shinikizo linaweza kushuka. Oili ya ziada ipunguzwe.
6. Muda = 3 ÷ 60 = saa 1/20 = dakika 3. Mizunguko = 2,500 × 3 = 7,500. Mfano wa ushauri: "Kaka, samahani, hiyo taa ni ya shinikizo la oili, naomba tusimame tuzime kwanza, tupime. Ikiwa ni waya tu tutakuwa tumechelewa kidogo, lakini ikiwa ni kweli utakuwa umeiokoa injini na kazi yako."

Swali la 6 lipe alama zote hata kama maneno yako ni tofauti na yangu, mradi umekokotoa sawasawa na hukunyamaza.